Sorry yako ni ya aina gani?

Hebu anza kuhesabu. Leo umesema "sorry" mara ngapi? Ulipomkanyaga mtu kwenye mat asubuhi, ulisema. Konda alipodai pesa ndogo na huna, ulisema. Bosi alipokupigia na network ikakatakata, ulisema. Beshte wako alipoandika kwamba shosho yake amelazwa, ulimtumia "sorry" na emoji ya machozi. Na jioni mtu wako akikuuliza mbona hukushika simu, utasema tena. Ni siku moja na neno moja, lakini kila mara ulikuwa unamaanisha kitu tofauti.

Leo nataka tulifungue hili neno tuone limebeba nini ndani. Mimi chuo nilikiacha katikati, kwa hivyo usitarajie lekcha ya profesa. Lakini maneno ndiyo yananilipia rent, na hili nimelichimba. Si story ya kupitisha wakati tu. Kuna watu 24 waliowahi kukaa kizuizini siku 11 huku serikali mbili zikivutana juu ya hili neno. Kuna wazee hapa kwetu ambao wamelisubiri kutoka Uingereza tangu kabla ya wazazi wako kuzaliwa. Na huenda ndilo linalofanya wewe na mtu wako mnuniane tangu wikendi.

Lilianza kama maumivu

"Sorry" ni neno mzee. Katika Kiingereza cha kale liliandikwa "sarig", nalo lilitokana na "sar", yaani maumivu. Mzizi huo huo ndio uliozaa "sore", ile unayotumia ukiwa na "sore throat". Kwa hivyo mtu aliyesema yuko "sarig" miaka elfu moja iliyopita hakuwa akiomba msamaha. Alikuwa anaumia, basi. Wengi hudhani limetoka kwa "sorrow", lakini hayo yana mizizi tofauti. Yalikaa jirani karne nyingi hadi yakaanza kufanana sura na maana.

Shika hapo kwenye maumivu. Anayekuambia "sorry", kwa asili ya neno lenyewe, anasema "naumia". Hajasema ni nani aliyesababisha. Hajasema atalipa. Maana ya kukiri kosa ilikuja juu ya ile ya kuumia, na hadi leo zote mbili zinaishi chumba kimoja bila hata pazia katikati.

Kazi tisa, mshahara mmoja

Sasa tuhesabu kazi ambazo hili neno linafanya kwa siku. Mimi nimepata tisa.

1. Kuomba msamaha. Umemwaga chai kwenye laptop ya mtu. Hii ndiyo kila mtu anaijua.

2. Kumhurumia mtu. "I'm sorry for your loss." Hukuua mtu, unashiriki uchungu.

3. Kuuliza mtu amesema nini. "Sorry?" na sauti inapanda mwishoni. Hapo hakuna kosa wala huruma, hukusikia tu.

4. Kuomba njia. Uko kwenye mat iliyojaa na unataka kushuka, unasema "sorry, sorry" huku unapenya.

5. Kukataa kwa adabu. "Sorry, tumefunga."

6. Kujirekebisha. "Tukutane saa tisa, sorry, saa kumi."

7. Kupinga mtu kabla hujampinga. "Sorry, lakini hapo sikubaliani na wewe." Hii huwa haina majuto yoyote ndani yake, na wote mnajua.

8. Kuonyesha kitu kimeharibika au ni duni. "A sorry state" ni hali mbaya ya kutia huruma, kama barabara ya mtaa wenu msimu wa mvua.

9. Kutisha. "You'll be sorry." Hiyo kwa lugha yetu ni "utajuta" au "utakiona". Ukiambiwa hivyo, usijibu "it's okay".

Hata wanamuziki wamelivuta huku na huku. Mwaka wa 2015 Justin Bieber alitoa wimbo unaoitwa "Sorry" akiomba arudishwe. Mwaka uliofuata Beyoncé akatoa wake wenye jina hilo hilo, kusema kwamba yeye hajutii chochote.

Kiswahili kiligawa kazi

Hapa ndipo inakuwa tamu. Kile ambacho Kiingereza kimerundika kwa neno moja, Kiswahili kimekigawa.

Mtu akijikwaa mbele yako, unasema "pole". Akifiwa, "pole", na Pwani utasikia pia "makiwa". Ukimkanyaga, "samahani". Ukitaka kupita au kuuliza njia, ni "samahani" tena, au "hebu" kama ni rika lako. Kosa likiwa kubwa, hasa kwa mtu unayemheshimu, unapanda ngazi: "naomba radhi", "niwie radhi", "kumradhi". Likiwa zito zaidi, unasema "nisamehe", na hapo umekiri kwamba kuna jambo la kusamehewa.

Hata majibu yake yamegawanywa. Ukimwambia mtu wa Pwani "pole", anaweza kukujibu "nishapoa". Ndiyo ile ile "poa" yetu ya "mambo poa", kitu kilichokuwa na moto kikapoa. Ukimwambia "samahani", anakujibu "bila samahani". Hakuna anayechanganya. Hakuna anayejibu pole ya msiba kwa kusema "usijali, haikuwa makosa yako".

Lakini ukihamia Kiingereza, ndipo soo huanza. Sisi Wakenya tukiongea Kiingereza, tunabeba "pole" yetu yote na kuiweka ndani ya "sorry". Mzungu akiangusha kalamu, unamwambia "sorry". Anakuangalia. "Why? It's not your fault." Anadhani umekiri kosa, kumbe wewe umempa pole tu. Yeye amesikia kazi nambari moja, wewe ulikuwa nambari mbili. Wote mko sawa kwa kamusi.

Na hilo halitokei kwa Wazungu tu. Fikiria mtu wako amekuja kwako analia kwa sababu ulimsahau siku yake ya kuzaliwa. Unamwambia "I'm sorry you feel that way." Kamusi inakuruhusu. Lakini jaribu kuitafsiri: "Pole kwa vile unajisikia." Umempa pole badala ya samahani. Umesimama kando ya ajali kama mpita njia, na ni wewe uliyekuwa unaendesha gari. Ndiyo maana akanuna zaidi.

Ndugu zake

Ukiona neno limechoka hivyo, unatafuta ndugu zake wasaidie. Kila mmoja ana tabia yake.

"Excuse me" huja kabla ya kosa, "sorry" huja baada. Unasema "excuse me" ukitaka kupita, na "sorry" ukishamgonga mtu. Ukishika hiyo sheria ndogo, hutapotea sana.

"Pardon" ilitoka kwa Wafaransa. Uingereza, namna unavyouliza "umesema nini" iliwahi kukuweka kwenye tabaka lako. Katika miaka ya 1950, mtaalamu wa lugha Alan Ross na mwandishi Nancy Mitford waliandika kuhusu maneno yanayomtofautisha mtu wa tabaka la juu na wa kati. Kumbe wenye mashamba na majumba walisema "what?" bila aibu, na aliyesema "pardon?" ndiye alionekana anajaribu sana. Mwalimu wako wa darasa la tano aliyekufinya kwa sababu ya "what" angeshangaa. "Pardon" pia ni ya sheria: Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 133, inampa Rais uwezo wa kumsamehe aliyehukumiwa, kwa ushauri wa kamati maalum.

"Regret" ni ya kuangalia kwa makini. Kwa Kifaransa cha kale ilihusu kuomboleza, hasa kulilia aliyekufa. Unaweza ku-regret kitu ambacho hukukifanya. Ndiyo sababu inapendwa sana na maofisi. Kama umewahi kutafuta job, unaijua hii: "We regret to inform you..." Mimi nilizipokea nyingi hadi nikawa nasoma neno la pili tu na kufunga email. Ona pia ile ilani ya maji au stima kukatwa: "Any inconvenience caused is regretted." Unajutwa na nani? Hakuna mtu ndani ya hiyo sentensi. Ni majuto yanayojijuta yenyewe.

"Apologise" ndiyo nzito, lakini nayo ina historia ya kuchekesha. "Apologia" kwa Kigiriki ilikuwa hotuba ya kujitetea. Mwaka wa 399 kabla ya Kristo, Socrates alishtakiwa Athens, na maelezo ya Plato kuhusu utetezi wake yanaitwa "Apologia". Ukiyasoma ukitafuta msamaha hutaupata. Jamaa alijitetea mwanzo hadi mwisho, na akahukumiwa kufa. Maana ya kukubali kosa ilikuja kwa Kiingereza baadaye sana. Na bado unajua watu ambao apology yao ni ya Socrates: dakika kumi za kujitetea.

Halafu kuna "my bad", iliyokuja na slang ya Marekani. Ni fupi na inakiri kosa waziwazi, lakini ni ya makosa madogo. Umepiga pasi mbovu, "my bad". Umepoteza doo ya chama, tafuta neno lingine.

Neno likiingia ikulu

Kama unafikiri haya ni mambo ya kamusi tu, ona yanavyotumika na wakubwa.

Aprili 1, 2001, ndege ya kijasusi ya Marekani iligongana na ndege ya kivita ya Uchina karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani Mchina, Wang Wei, akafa. Ndege ya Marekani ikatua Hainan bila ruhusa, na watu wake 24 wakazuiliwa. Uchina ilitaka Marekani iombe msamaha. Marekani ilikataa. Baada ya siku 11, ulitumika ujanja wa lugha. Marekani iliandika barua yenye "very sorry" mara mbili: kwa familia ya rubani, na kwa kuingia anga na kutua bila ruhusa. Wamarekani wakawaambia watu wao kwamba hawakuomba msamaha, wametoa pole tu. Wachina wakawaambia watu wao kwamba Marekani imeomba msamaha. Wote waliishikilia barua ile ile, na wale 24 wakarudi kwao.

Sasa njoo kwetu. Juni 6, 2013, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, William Hague, alisimama bungeni London kuzungumzia mateso ya wakati wa Mau Mau. Alitangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Alikubali kwamba watu waliteswa. Neno alilochagua? Serikali yake "sincerely regrets". Na kwenye hotuba hiyo hiyo akasema wanaendelea kukana kwamba wao wa leo wanawajibika kisheria. Unaiona? Pole ilitoka, pesa ikatoka, samahani ikabaki mfukoni.

Oktoba 31, 2023, Mfalme Charles alikuwa Nairobi. Kabla afike, Tume ya Haki za Binadamu nchini, KHRC, ilikuwa imemtaka aombe msamaha waziwazi. Kwenye karamu ya Ikulu alizungumzia "the greatest sorrow and the deepest regret", na akasema hakukuwa na kisingizio cha vitendo vile. Maneno mazito, na huenda yalitoka moyoni. Lakini "nisamehe" haikusikika. Kesho yake tu, Novemba 1, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alikuwa Songea, kusini mwa Tanzania, mahali ambapo Wajerumani walizima vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Yeye aliomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu wa pale. Hilo halikurudisha mtu hata mmoja, na kuna wanaodai zaidi ya maneno. Lakini ilikuwa samahani, si pole. Saa 24, majirani wawili, maneno mawili tofauti.

Hata viongozi wetu wamepitia hapo. Machi 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliomba msamaha bungeni kwa niaba ya serikali yake na zilizotangulia kwa dhuluma za zamani, akatangaza hazina ya shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Neno lilikuwa sawa kabisa. Shida ni kwamba wengi wa waathiriwa hao walikaa miaka wakiingoja hiyo hazina.

Halafu Mei 28, 2025, kwenye maombi ya kitaifa Nairobi, Rais William Ruto alitugeukia sisi vijana. Akatuita watoto, akasema kama kuna mahali palikosewa, anaomba msamaha. Neno lilikuwa "apologise", ile nzito. Wapo walioipokea. Lakini wengi wetu tulisimama kwenye ile "kama". Kuna wenzetu waliouawa kwenye maandamano ya 2024 kuhusu Mswada wa Fedha, na kuna waliotekwa. Mama aliyezika mtoto hana "kama". Ukiweka "kama" mbele ya msamaha, umemrudishia mwenzako kazi ya kuthibitisha kwamba alikosewa.

Mbona watu wanaliogopa?

Sababu moja ni pesa. Ukisema sorry baada ya ajali, wakili wa upande wa pili anaweza kusema umekiri. Bima nyingi za magari zina kipengele kinachokukataza kukubali kosa bila idhini yao. Ndiyo maana unaona madereva wawili wamesimama Thika Road, magari yamepondana, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kufungua mdomo.

Nchi nyingine ziliona huu ni ujinga, zikatunga sheria. Mkoa wa British Columbia, Canada, ulipitisha yake mwaka wa 2006, na Ontario ikafuata 2009: kuomba msamaha si kukiri kosa mbele ya korti. Uingereza nayo iliweka kifungu cha aina hiyo mwaka wa 2006. Wazo ni kwamba daktari aweze kumwambia mgonjwa "sorry" kama binadamu bila kuogopa barua ya wakili.

Sababu ya pili ni sisi wenyewe. Mwaka wa 2010, watafiti Karina Schumann na Michael Ross wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Canada, walichunguza kwa nini wanawake huomba msamaha zaidi ya wanaume. Waligundua si kwamba wanaume hukataa. Ni kwamba wanaume huona makosa machache zaidi ya kuombea msamaha. Kwa hivyo msee wangu, ukinyamaza, inawezekana si kiburi. Huenda kwako hakuna kilichotokea. Kwa mwenzako kimetokea.

Basi useme nini?

Mwaka wa 2016, mtafiti Roy Lewicki wa Chuo Kikuu cha Ohio State na wenzake waliangalia sehemu sita za msamaha: kueleza majuto, kueleza kilichotokea, kukubali kwamba ni wewe, kuahidi kutorudia, kujitolea kurekebisha, na kuomba usamehewe. Iliyowagusa watu zaidi ni kukubali kwamba ni wewe. Ya pili ni kurekebisha. Iliyokuwa ya mwisho kabisa? Kuomba usamehewe. Yaani ile "please forgive me" unayoirudia mara kumi kwenye WhatsApp ndiyo yenye nguvu kidogo zaidi.

Kwa hivyo kabla ya kusema sorry, ipitishe kwanza kwa Kiswahili kichwani. Kama inatoka "pole", hakikisha kweli wewe si dereva wa hiyo ajali. Kama inatoka "samahani", taja kosa kwa jina lake. Usiandike "sorry for everything", kwa sababu "everything" haina anwani. Andika "nilichelewa na nikakudanganya niko njiani." Ondoa "kama" na "lakini". Sema utarekebisha nini na lini.

Kazini ni hivyo hivyo. Ukiandikia mteja, usiweke "any inconvenience is regretted". Andika: "Tulituma mzigo wako mahali pasipofaa. Utaupata kesho kabla ya saa sita." Huo ni msamaha hata kama neno lenyewe halimo. Na kama umezoea kuanza kila email na "sorry to bother you", jiulize umemkosea nani. Kuuliza malipo yako si kosa. "Habari, nafuatilia ile invoice" inatosha.

Na ukiwa wewe ndiye unayeambiwa, una haki ya kujua umepewa gani. Mtu akikuletea "sorry" na huielewi, awe ni mpenzi, bosi au mwanasiasa, usibishane naye kwa Kiingereza. Muulize tu, polepole: hiyo ni pole, au ni samahani?